Sarafu za heller, ganda la risasi na kisahani chenye namba kutoka shamba la babu Mufindi: ni vya wakati gani, na je, tuendelee kuchimba?

Mjukuu wa Mufindi anauliza:

Kamwene, na shikamoo kwa wakubwa wote. Naomba msaada wa wenye ujuzi wa vitu vya kale, hasa mnaoishi Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe.

Familia yetu ina shamba upande wa Malangali, wilayani Mufindi, ambalo marehemu babu alianza kulilima miaka mingi baada ya mlowezi wa Kijerumani aliyekuwa hapo kuondoka. Msingi wa mawe wa nyumba ya mlowezi huyo bado unaonekana katikati ya mikaratusi, na kuna njia ya zamani inayotoka hapo na kuteremka hadi mtoni. Mjomba wangu, ambaye hutafuta dhahabu huko Chunya kwa ditekta, alikuja nyumbani na mashine yake, nasi tukaipitisha kuzunguka msingi ule na kando ya njia. Tulipata sarafu mbili za shaba zilizoandikwa "1 Heller", moja ya mwaka 1908 na nyingine ya mwaka 1912, zote zikiwa na herufi ndogo J. Sarafu kubwa zaidi yenye tundu katikati, ambayo maandishi yake yameliwa na kutu. Ganda la risasi la shaba ya njano. Kifungo cha koti. Na kisahani cha mviringo cha shaba ya njano chenye tundu ukingoni na namba 147 iliyogongwa upande mmoja, bila neno lolote. Hakuna kitu kilichokuwa chini zaidi ya urefu wa kiganja.

Habari zimekwisha kuenea kijijini. Amekuja mtu anayesema ananunua rupia za Mjerumani, naye anasisitiza kwamba palipo na sarafu ndogo hapakosi sanduku la sarafu kubwa, na kwamba yuko tayari kugharamia kuvunjwa kwa ule msingi ili tugawane kitakachopatikana. Binamu zangu nao wanataka mashine ipelekwe Lugalo na Kalenga, kwa kuwa huko kulipiganwa vita na wanaamini ardhi imejaa vitu. Nimewaomba wasubiri. Ningependa kufahamu vitu hivi ni vya wakati gani na vilikuwa na kazi gani, sheria inasemaje kuhusu kuendelea, na namna ya kuvitunza, kwa sababu bibi ameniagiza nivisugue kwa ndimu na majivu ili ving'ae.

Mkusanya Sarafu, Mbeya:

Karibu sana, ndugu yangu. Nianze na hilo la ndimu kwa kuwa ndilo lenye haraka: mwombe bibi radhi kwa heshima, lakini usisugue chochote. Ile ngozi ya kijani au ya kahawia iliyojijenga juu ya shaba kwa miaka zaidi ya mia moja ndiyo inayoilinda, na ndani ya ngozi hiyo ndimo zilimobaki herufi na tarakimu zilizofifia. Asidi ya ndimu huila, majivu na mchanga humaliza kilichosalia, na sarafu iliyong'arishwa namna hiyo haisomeki vizuri wala haithaminiwi na mkusanyaji yeyote makini. Ondoa udongo kwa maji safi na ncha ya kijiti laini, iache ikauke kivulini, kisha weka kila kitu peke yake katika bahasha ya karatasi, si mfuko wa nailoni unaofungia unyevu ndani. Juu ya bahasha andika kwa penseli mahali ulipokipata.

Sasa kuhusu heller. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa sarafu zake mwaka 1890, na wakati huo rupia moja ilikuwa na pesa 64. Pesa hizo za shaba zina tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili, kwa sababu zililengwa kwa soko la pwani lililozoea kusoma hati hiyo. Mwaka 1904 serikali ya koloni yenyewe ndiyo iliyosimamia fedha, na rupia ikagawanywa katika heller 100. Herufi J inaonyesha kwamba sarafu zako ziligongwa Hamburg. Zile zenye herufi A ziligongwa Berlin. Kwa hiyo hakuna heller iliyotangulia mwaka 1904, na kwa kuwa Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alifariki tarehe 19 Julai 1898, mtu yeyote anayekuja kuwauzia au kununua kwenu "heller ya Mkwawa" anawadanganya. Nalisema hili wazi kwa sababu nimeonyeshwa sarafu za namna hiyo zaidi ya mara moja, na zimewaponza watu waliouza ng'ombe ili wazinunue.

Jambo linalonigusa zaidi ni namna heller hizo zilivyofika Malangali. Kuanzia mwaka 1898 serikali ya Kijerumani ilitoza kodi ya kibanda, ambayo vijijini kwa kawaida ilikuwa rupia 3 kwa mwaka. Mtu asiyekuwa na rupia alilazimika kuitafuta, na njia ya kuipata ilikuwa kubeba mizigo ya misafara, kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, au kuuza mifugo na nafaka kwa bei asiyoipanga yeye. Baada ya mwaka 1904 kodi hiyo ilikuwa sawa na heller 300. Sarafu mbili zilizodondoka kando ya njia iendayo mtoni huenda zilikuwa ujira ambao mtu alikuwa akiukusanya kidogo kidogo, na kuzipoteza hakukuwa jambo dogo kwake.

Ile yenye tundu ichunguze tena kwenye mwanga unaotoka pembeni. Wajerumani walitoa heller 10 zenye tundu kuanzia mwaka 1908 na heller 5 zenye tundu mwaka 1913 na 1914, zote za mchanganyiko wa shaba na nikeli, hivyo rangi yake ni nyeupe nyeupe. Waingereza nao walitoa senti 5 na senti 10 zenye tundu, lakini hizo zina pembe za ndovu zilizopinda kuzunguka tundu, na zilizo nyingi ni za shaba. Ukiona pembe, hiyo si ya Mjerumani.

Kuhusu thamani sitakupamba. Heller moja ziligongwa kwa mamilioni na hazitajenga nyumba. Rupia ya fedha ina uzito wa gramu 11.66, na katika kila sehemu 1,000 za uzito huo sehemu 917 ni fedha halisi. Thamani yake inatokana na madini hayo pamoja na hamu ya wakusanyaji, basi. Zile habari za rupia inayovuta punje za mchele au kuzima simu ni mbinu za utapeli. Fedha haivuti hata sumaku, sembuse mchele. Sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo ipo kweli, iligongwa Tabora mwaka 1916 wakati njia ya bahari ilikuwa imefungwa na vita, sambamba na heller 5 na heller 20 zenye herufi T. Lakini bandia zake ni nyingi sana, na mtu akikuletea moja sebuleni kwako, jambo la kwanza kulitazamia ni kwamba anakuibia.

Mpiga Ditekta wa Chunya:

Nimshukuru mkuu hapo juu. Mimi nitaongelea mashine na lile sanduku, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yangu.

Ditekta hupeleka mawimbi ya sumaku ardhini kupitia koili. Mawimbi hayo yakikuta chuma, shaba au dhahabu, huamsha mkondo mdogo wa umeme ndani ya kitu hicho, nacho hurudisha mawimbi yake ambayo mashine huyageuza kuwa sauti. Mashine za kawaida huona sarafu ndogo kama heller katika kina cha sentimita 20, pengine 30 ikiwa udongo ni mzuri. Udongo wetu mwekundu una chuma kingi na hupiga kelele wenyewe, hivyo mpigaji asiyesawazisha mashine yake na ardhi kila anapohama atapoteza hata hicho kidogo. Sanduku kubwa la chuma linaweza kusikika chini zaidi, lakini siyo mita kumi kama wanavyodai wauzaji wa zile fimbo mbili zinazozunguka mkononi. Fimbo hizo hazina kitu ndani. Mtu akikwambia kwamba kifaa chake kimeona sanduku chini ya msingi wenu, mwambie akukopeshe kifaa hicho ufukie kisu chako mwenyewe bila yeye kuona, kisha akitafute.

Na juu ya sanduku lenyewe, tufikiri pamoja. Vitu mlivyopata ni vitu vilivyodondoka: sarafu mbili, kifungo, ganda. Vitu vya namna hiyo hukaa juu juu, hutawanyika kando ya njia na karibu na mlango, na havionyeshi kwamba kuna kilichofichwa. Hadithi za mali ya Mjerumani zimewafanya watu katika mikoa yetu wang'oe nguzo za wapima ardhi wakidhani ni alama za hazina, na zimewafanya wengine wafukue makaburi, jambo ambalo kwangu ni laana na ni kosa la jinai pia. Anayegharamia kuvunja msingi leo atakuja kesho kudai mgawo wa kitu ambacho hakikuwepo, na ugomvi utabaki ndani ya familia yenu.

Nimtetee mjomba kidogo. Kule Lupa watu wanafanya kazi hii kwa leseni za madini na wanasomesha watoto kwa hiyo. Leseni ya kutafuta dhahabu, hata hivyo, haimpi mtu ruhusa ya kuchimba mambo ya kale, na asiyatie mambo hayo mawili katika kapu moja.

Mwalimu Mstaafu, Tukuyu:

Marahaba, mwanangu. Umefanya vema kuwazuia ndugu zako, nami nitakuambia kwa nini nasema hivyo.

Tunayo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979. Sheria hiyo inavilinda moja kwa moja vitu na majengo yaliyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na inampa Waziri uwezo wa kutangaza vitu na maeneo mengine yalindwe hata kama ni ya baadaye. Kuchimba kwa lengo la kutafuta mambo ya kale kunahitaji leseni kutoka kwa Mkurugenzi wa Mambo ya Kale, na mtu anayekuta kitu cha kale kwa bahati anatakiwa kutoa taarifa. Heller zako ni za baada ya mwaka 1863, hivyo usiingiwe na hofu kwamba utakamatwa kwa kuwa nazo mfukoni. Lakini hujui kilicho chini ya heller hizo. Mlowezi hakuikuta ardhi hiyo tupu. Chini ya msingi wake kunaweza kuwa na masalia ya tanuri za kuyeyushia chuma, vigae vya vyungu, au makazi ya watu waliotangulia, na sululu haiulizi mwaka. Ushauri wangu ni kwamba uchimbaji usimame hapo ulipofika, na mwende mkatoe taarifa kwa Ofisa Utamaduni wa wilaya au Makumbusho ya Boma pale Iringa mjini, mkiwa na vitu hivyo mkononi.

Kwa Kalenga na Lugalo sina maneno mengi: hapana. Kalenga ni mahali ilipokuwa ngome ya Mkwawa, iliyoshambuliwa na kuangushwa na Wajerumani mwishoni mwa Oktoba 1894, na ndipo lilipo fuvu lake lililorejeshwa mwaka 1954. Lugalo ni mahali Wahehe walipokivamia kikosi cha kamanda wa Kijerumani Emil von Zelewski tarehe 17 Agosti 1891, wakamuua yeye na sehemu kubwa ya askari wake. Watu wa pande zote mbili wamelala katika ardhi ile. Hata kama pasingekuwa na sheria, mtoto wa Iringa haendi kupekua mahali pa namna hiyo ili apate kitu cha kuuza.

Nikuongezee jambo moja kuhusu shamba lenu. Malangali imo katika historia ya Vita Kuu ya Kwanza. Jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Northey liliingia kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini (Malawi na Zambia za leo) mwezi Mei 1916, likaichukua Tukuyu yetu ambayo Wajerumani waliiita Neu Langenburg, likapigana na Wajerumani hapo Malangali tarehe 24 Julai, na tarehe 29 Agosti likaingia Iringa. Ganda lenu la risasi linaweza kuwa la siku hizo. Lipime urefu kwa rula, utazame na kitako chake kama kina herufi, kisha utujulishe.

Binti wa Kalenga:

Shikamoo Mwalimu, na habari kaka. Nasoma akiolojia, na ninaomba niongeze sababu moja ambayo mara nyingi haifiki kwa wenye mashine.

Wengi wetu tumeona video za Waingereza wakitembea mashambani na ditekta na kuokota sarafu za Kirumi, tukadhani kwamba ni ruhusa ya wazi. Kule kuna Sheria ya Hazina ya mwaka 1996, na kuna mpango maalumu wa kuandikisha vitu vilivyookotwa ambao umekwisha kusajili vitu zaidi ya milioni moja, kila kimoja kikiwa na mahali kilipopatikana. Mwenye mashine anahitaji idhini ya mwenye shamba, na maeneo ya kihistoria yaliyoorodheshwa hayaguswi kabisa. Sisi tumeiga mashine na kuacha daftari.

Daftari lina kazi gani? Chukueni uwanja wa vita wa Little Bighorn, katika jimbo la Montana nchini Marekani, ambako wapiganaji wa Lakota na Cheyenne, wenyeji wa asili wa nchi ile, walikiangamiza kikosi cha jeshi la Marekani kilichoongozwa na Custer mwezi Juni 1876. Mwaka 1983 moto uliteketeza nyasi, na kuanzia mwaka uliofuata wanaakiolojia walipita pale pamoja na watu wa kujitolea wenye ditekta. Walichomeka kibendera kila palipolia, wakapima mahali pa kila ganda na kila risasi kabla ya kukiinua chochote. Kila bunduki huacha alama yake kwenye kitako cha ganda, hivyo waliweza kufuatilia bunduki moja kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine. Wakaona wapiganaji walikotokea, walivyokuwa na bunduki nyingi za kisasa kuliko ilivyodhaniwa, na namna safu za wanajeshi zilivyovunjika. Masimulizi ya wenyeji, ambayo yalikuwa yamepuuzwa kwa karne nzima, yakapata ushahidi wa ardhi.

Sasa fikirieni Lugalo. Taarifa zilizoandikwa kuhusu siku ile zilitoka kwa Wajerumani walionusurika. Upande wetu uliisimulia kwa mdomo, kutoka kwa babu hadi mjukuu. Askari wa Zelewski walibeba bunduki za Mauser za mwaka 1871 zenye maganda makubwa ya shaba ya njano, na Wahehe waliteka silaha zao nyingi. Mahali kila ganda lilipoangukia ndipo tungeweza kusoma nani alisimama wapi, nani alikimbilia wapi, na mapigano yalichukua nafasi kubwa kiasi gani. Ganda likishaingia mfukoni mwa mtu bila kupimwa, sentensi hiyo ya upande wa Wahehe imefutwa, na hakuna atakayeiandika tena. Ndiyo maana naumia ninaposikia watu wakipanga safari ya kwenda kule na mashine.

Kwa shamba lenu bado mna nafasi ya kufanya jambo jema. Chora ramani ya mkono inayoonyesha msingi, njia na mto. Weka alama pale kila kitu kilipotoka mngali mnakumbuka. Piga picha ya kila shimo kama bado linaonekana. Hifadhi mahali hapo kwenye ramani ya simu. Heller ya mwaka 1908 peke yake ziko nyingi makumbushoni. Heller ya mwaka 1908 iliyopatikana hatua chache kutoka mlango wa jikoni, karibu na kifungo cha aina fulani, inaanza kueleza maisha ya mtu.

Mjukuu wa Mufindi:

Nawashukuru mno. Bibi amekubali kuhusu ndimu baada ya kumsomea maelezo yenu, na mjomba ameahidi kwamba mashine itabaki ndani. Yule mnunuzi tumemwambia kwamba msingi hauvunjwi.

Nimefanya vipimo. Sarafu yenye tundu ina pembe za ndovu, zinaonekana vizuri mwanga ukitoka pembeni, hivyo ni ya Mwingereza. Ganda la risasi lina urefu wa milimita 60, na mdomo wake ni mpana kiasi kwamba kidole changu kidogo kinakaribia kuingia. Kisahani chenye namba kina upana wa milimita 38. Ramani tumeichora pamoja na mjomba, ambaye anakumbuka kila shimo.

Nina mambo mawili yamebaki. La kwanza, kisahani hicho bado hakijapata maelezo. La pili, mjomba amekumbuka kwamba karibu na mto mashine ililia kwa nguvu sana, wakakwangua udongo kidogo na kuona chuma kinene cha mviringo kilichochongoka upande mmoja, kama urefu wa chupa ya soda, wakakiacha kwa sababu kilikuwa kimeshikana na mizizi. Anauliza kama tukitoe ili kipelekwe Boma pamoja na vingine.

Karani Mstaafu wa Shamba la Chai, Mufindi:

Kamwene, mjukuu. Nitajibu la kisahani.

Katika mashamba makubwa na migodi, namba zilizogongwa kwenye visahani vya shaba zilikuwa na kazi ya kuhesabu watu na vitu. Mfanyakazi alikabidhi kisahani chenye namba yake stoo akapewa jembe, panga au kikapu, na jioni aliporudisha chombo alirudishiwa kisahani. Pengine namba hiyo ndiyo iliyotumika wakati wa kugawa posho au kupima majani. Tundu la ukingoni ni la kupitishia kamba au kutundika msumarini ubaoni, na ukilitazama tundu hilo utaona kama limelika upande mmoja. Likiwa limelika, kisahani kilining'inia kwa muda mrefu. Kukosekana kwa jina la shamba si ajabu, kwa kuwa kisahani hakikukusudiwa kutoka nje ya lango.

Mashamba ya walowezi wa Kijerumani hapa Mufindi yalishamiri miaka ya 1920 na 1930, baada ya Waingereza kuwaruhusu Wajerumani kurudi Tanganyika, na chai ilianza kulimwa kibiashara katika kipindi hicho. Vita vilipoanza mwaka 1939 Wajerumani walikamatwa na mashamba yao yakawekwa chini ya usimamizi wa serikali. Hilo linalingana na sarafu yenu ya pembe za ndovu kuwa mahali pamoja na kisahani, huku heller zikiwa zimetangulia. Kwa maneno mengine, njia ile ilipitwa na watu wa vizazi zaidi ya kimoja, na mtu aliyebeba namba 147 alikuwa wa kizazi cha baadaye. Waulize wazee wa kijiji nani alifanya kazi kwa mlowezi huyo. Wapo ambao baba zao waliitwa kwa namba zao, na wanazikumbuka. Jina la mtu likipatikana, liandikeni kwenye bahasha kabla hamjaenda Boma.

Mwalimu Mstaafu, Tukuyu:

Milimita 60 na mdomo mpana inalingana na ile Mauser ya mwaka 1871 aliyoitaja Binti wa Kalenga. Usiharakishe kusema ni ya wakati wa Mkwawa, mwanangu, kwa sababu askari wengi wa Kijerumani waliendelea kuitumia bunduki hiyo hadi Vita Kuu ya Kwanza, na shamba lenu liko karibu na mapigano ya Julai 1916. Ganda la Mwingereza lingekuwa jembamba zaidi, likiwa na mdomo wa chini kidogo ya milimita 8. Maganda mengine yakijitokeza wakati wa kulima, yaachwe yalipo, myaweke kwenye ramani, na mwite wataalamu waje wayaone ardhini.

Mpiga Ditekta wa Chunya:

Kuhusu chuma cha mtoni, mwambie mjomba asikiguse tena, na awaambie watoto wasichunge mbuzi upande huo. Chuma kinene, cha mviringo, kilichochongoka mbele, katika eneo lililopiganiwa mwaka 1916, kinaweza kuwa kombora ambalo halikulipuka. Baruti ya zamani haifi kwa kukaa ardhini, na kiwashio chake huzidi kuwa hatari kadiri kutu inavyokila. Msikivute, msikigonge, msichome moto majani karibu nacho, na msikimwagie maji kukisafisha ili mpige picha.

Wekeni matawi kuzunguka eneo kwa umbali mkubwa, kisha mjomba aende mwenyewe kituo cha polisi akaeleze alichoona, ukubwa wake na mahali kilipo, akiwa na ile ramani mliyochora. Polisi watawaita wanajeshi wenye ujuzi wa kukitegua. Afanye hivyo kesho asubuhi, kabla ya safari ya Boma, maana sarafu zinaweza kungoja.